Kituo cha mazoezi ya kumpumulisha mtoto mchanga
Ni meza ambapo wakunga hujifunza kwa mikono kumwokoa mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa. Mafunzo ya Helping Babies Breathe, yaliyozinduliwa mwaka 2010 na yanayotumika pia Tanzania, hutumia mwanasesere NeoNatalie. Hujazwa maji ya uvuguvugu, naye hulegea mikononi kama mtoto halisi. Pembeni huwekwa vitambaa vikavu, kifyonza ute, mfuko wa hewa wenye barakoa, na saa, ambayo kamwe isikosekane: pumzi ya kwanza iingie kabla dakika moja haijapita, kisha takriban 40 kwa dakika.

Kazi ngumu ni barakoa. Kidole gumba na cha shahada huibana usoni, vingine huinua kidevu. Kifua kisipopanda, huenda hewa inavuja au kichwa kimekaa vibaya.