Base64

Base64 ni njia ya kuandika data za kompyuta kwa alama 64 za maandishi ya kawaida: herufi kubwa A hadi Z, herufi ndogo a hadi z, tarakimu 0 hadi 9, pamoja na alama + na /. Hutumiwa hasa kupeleka picha, sauti na nyaraka kwa baruapepe.

Asili

Kanuni za kupeleka baruapepe (SMTP) za mwaka 1982 zilikusudiwa maandishi ya Kiingereza, ambayo kila herufi yake hutoshea katika biti 7. Faili ya picha hutumia biti zote 8 za kila baiti, hivyo iliweza kuharibika njiani. Mnamo 1980 Mary Ann Horton wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa ametunga uuencode, programu ya kugeuza faili kuwa maandishi kwenye kompyuta za Unix. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME, zilizoeneza Base64.

Utendaji

Baiti 3, yaani biti 24, hugawanywa katika mafungu 4 ya biti 6. Kila fungu huandikwa kwa alama moja. Kwa mfano Makwale, jina la kata katika Wilaya ya Kyela, Tanzania, huandikwa TWFrd2FsZQ==. Herufi Mak zimekuwa TWFr, na wal zimekuwa d2Fs. Herufi e imebaki peke yake, hivyo alama == hujaza nafasi mbili za mwisho.

Gharama

Ukubwa huongezeka kwa theluthi moja: picha ya megabaiti 3 huwa zaidi kidogo ya megabaiti 4. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtandao wa ESANET ulipounganisha vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa simu za kawaida, kila ongezeko lilirefusha muda wa simu. Leo humaliza bando.

Usalama

Base64 haifichi siri. Haina ufunguo wowote, na mtu yeyote anaweza kurudisha maandishi ya asili mara moja. Nywila au cheti kilichoandikwa hivyo hakijalindwa, ingawa hakisomeki kwa macho. Anayetaka usiri hufanya kwanza usimbaji fiche, ndipo hutumia Base64 kwa kusafirisha.