Riwaya za Kiswahili na Rika za Wasomaji Wake

Historia ya fasihi yetu ya nathari imezoeleka kufundishwa shuleni kama ngazi. Kwenye kipandio cha chini huwekwa ngano, ambazo yasemekana ni za watoto. Juu yake huja tafsiri za enzi za ukoloni. Kisha hadithi za upelelezi, zinazotajwa upesi na kwa haya kidogo. Na kileleni hukaa riwaya za dhati, yaani zile zinazotahiniwa. Mpango huu unamfaa mwalimu mwenye vipindi vichache. Lakini tukiichungua historia yenyewe, tutaona kwamba wasomaji wetu hawakupanda kwa utaratibu huo, wala vitabu vyenyewe havikukubali kukaa pale vilipowekwa.

Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapisha huko London mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja kwa wasimulizi wenyeji. Miongoni mwake mna kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja, ambaye kazi yake ni kuchakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumuni na kumnunua paa. Paa huyo anamtendea makuu: anamposea binti wa Sultani, anamwua nyoka mwenye vichwa saba, na kumpa bwana wake jumba la nyoka huyo pamoja na mali yote iliyomo. Kisha paa anaugua. Bwana hataki hata kushuka kumtazama. Anaamuru apikiwe uji wa mtama duni, naye ndiye aliyeokolewa na paa huyo katika kuokota mtama. Paa anakufa, na mwili wake unatupwa kisimani. Hatimaye bwana anaamka usingizini na kujikuta jaani, anachakura kama zamani.

Mtoto anayesimuliwa kisa hiki humlilia paa. Mtu mzima aliyepata cheo, akikisikia, hana budi kujiuliza ni nani aliyemwacha ghorofa ya chini akiugua. Kisa ni kimoja, maneno ni yale yale, wala msimulizi habadilishi kitu, kwa kuwa zamani hadhira ya ngano ilikuwa nyumba nzima: bibi, wajukuu na mgeni aliyelala siku hiyo. Zilipoingia kitabuni ndipo zilipopewa rika. Steere alizipanga Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, zimfae mgeni anayejifunza lugha. Baadaye zikageuka kuwa mazoezi ya kusoma ya madarasa ya chini, na hapo ndipo mtu mzima alipoacha kuzihesabu kuwa zake.

Tafsiri nazo zilizaliwa kwa haja ya shule. Baada ya mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, na ule wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, palihitajika vitabu vya kusomea. Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930, na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikwisha kutufasiria Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina mwaka 1929. Mwaka 1940 akaja Elisi katika Nchi ya Ajabu. Hivyo kijana wa wakati ule alikutana na hadithi za safari, za hatari na za njozi kwa mara moja, bila kuambiwa ipi ni ya juu na ipi ni ya chini. Hilo lilikuwa jambo jema. Jambo lisilo jema ni kwamba katika Mashimo ya Mfalme Sulemani wageni wanafika Afrika, wanapata almasi, na kurejea kwao na mifuko iliyojaa, na hadithi inatutaka tufurahi pamoja nao. Hatuwezi kuisoma leo pasipo kuuliza almasi zile zilikuwa za nani. Hata hivyo mwanafunzi anayeuliza swali hilo anakuwa amekwisha kuanza uhakiki.

Shaaban Robert aliijua vizuri nguvu ya hadithi inayovaa nguo za utotoni. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani. Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, kina majini na manyani, na mizizi yake imo katika Alfu Lela Ulela. Kwa juujuu mtu aweza kuviweka kwenye rafu ya watoto. Lakini Karama anaposimama mbele ya baraza la Kusadikika kuwatetea wajumbe walioleta mema wakalipwa kifungo, msomaji wa Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza hakuhitaji ramani kuijua nchi hiyo.

Yafaa tukae zaidi kwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, kwa sababu wahakiki wengi wamempita haraka. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58, na ikatolewa mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni. Mahali penyewe panatisha, na watu wako tayari kuamini kuwa wahenga wamekasirika. Ndipo anapokuja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum sahibu yake, naye anatafuta mkono wa mtu aliye hai. Ni kweli kwamba Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes wa Waingereza, na undugu huo haukufichwa. Lakini suala lililomo ni la kwetu: je, kifo kielezwe kwa mizimu au kwa akili na ushahidi? Swali hilo liliulizwa Unguja katika miaka ya mwisho ya ukoloni, kwa Kiswahili kitamu chenye mzaha, na likamfikia kijana aliyekifungua kitabu kwa hamu ya kumjua mwuaji tu. Risala ngapi dhidi ya ushirikina zimefika mbali hivyo?

Faraji Katalambulla alifuata mwaka 1965 na Simu ya Kifo, akahamishia upelelezi Dar es Salaam. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona, ambamo Willy Gamba anapambana na maadui wa harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Hiyo ilikuwa miaka ya kampeni ya elimu ya watu wazima; kufikia mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39 ya watu wazima nchini. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini alihitaji kitabu kisichomwita mtoto na kisichomshinda. Wahakiki waliuita uandishi huu fasihi pendwa, na baadhi yao walilitamka neno hilo kama tusi. Kwa kweli, vingi vya vitabu hivyo vilikuwa hafifu, na wanawake waliomo walichorwa kwa kalamu ya aibu. Ila ubovu huo ulipaswa kuhukumiwa kitabu kwa kitabu, jinsi tuhukumuvyo utenzi mbaya bila kuutupa utenzi wote.

Shule zilipokosea kwa upande mmoja, zilikosea na kwa upande wa pili. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Rosa ni binti wa Ukerewe anayelelewa kwa fimbo. Baba yake anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anapofika shuleni, mbali na macho ya baba, hana silaha yoyote ya kujikinga na dunia, na mwisho wake ni kujiua. Kitabu hiki kilizuiwa shuleni kwa muda, kwa hoja kwamba hakiwafai vijana. Huku ngano ikiondolewa kwa mtu mzima kwa kuwa ni ya kitoto, hapa riwaya iliondolewa kwa msichana wa sekondari, ambaye ndiye hasa aliyeandikwa ndani yake. Baadaye kiliruhusiwa, kikaingia katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa, na wanafunzi wenye umri wa Rosa wakakisoma mbele ya walimu wao badala ya kukificha chini ya godoro.