Barua Iliyochanwa

Mpaka wa Tunduma ulichorwa mezani. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwanga wakajikuta pande mbili. Sisi wakazi huuvuka kwenda msibani, harusini na sokoni Nakonde. Virusi navyo havikuomba pasi.

Mei 2020 Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 wa korona kwa siku moja. 76 kati yao walikuwa wa Nakonde. Mpaka ukafungwa kwa muda, na madereva wa malori wakatazamwa kana kwamba wao ndio ugonjwa. Kila upande ulisema umetoka ng'ambo. Nilijiuliza: nani aweza kulijua hilo kwa hakika?

Njia ipo. Virusi vya korona hubeba maandishi ya RNA. Maabara huyanakili kuwa DNA, kisha mashine huyasoma kwa vipande vifupi, maelfu kwa maelfu, visivyo na mpangilio, mithili ya barua iliyochanwa. Ili kuviunga hutumika nakala ya rejea, iliyotokana na mgonjwa wa Wuhan na kutangazwa Januari 2020, yenye herufi 29,903. Kompyuta hukiweka kila kipande pale kinapofanana zaidi na nakala hiyo. Herufi tofauti ikirudiwa na vipande vingi, hapo pana badiliko. Na mabadiliko hueleza ukoo wa virusi. Kwa njia iyo hiyo vipande vya RNA ya seli hulinganishwa na orodha ya RNA za kiumbe kizima, ijulikane ni jeni zipi zinafanya kazi.

Baada ya Aprili 2020 Tanzania ilikaa zaidi ya mwaka bila kutoa takwimu za ugonjwa huo. Februari 2021 wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa Angola. Vipande vyao vilipopangwa, yalionekana mabadiliko zaidi ya 30. Habari za kwetu zikasomwa ugenini.

Hata hivyo, msomaji, ukoo wa virusi si hati ya mashtaka. Kujua nani alimwambukiza nani kati ya Tunduma na Nakonde kulihitaji sampuli za pande zote mbili, tangu siku za mwanzo. Ndiyo maana ndugu zangu wanapowalaumu bado wa ng'ambo, huwauliza kama barua hiyo waliisoma yote.