Kiti cha Kupeana Mashauri

Ndugu zetu Wakristo, nanyi walimu mnaolea watoto wa watu kila siku: katika kitabu cha Yubilee ni desturi kuhesabu yaliyojengwa, makanisa na shule, zahanati na nyumba za walimu. Twamshukuru Mungu kwa hayo yote. Walakini twapenda kuwaleteeni habari za jengo moja dogo sana, lisilo na ukuta wala paa, lililojengwa katika nchi nyingine. Ni benchi la mbao lililowekwa nje ya zahanati katika mji wa Harare, nchi ya Zimbabwe. Twaleta habari hizi kwa sababu vijana wetu wanazo nyumba nyingi za kusomea na kusalia, bali mahali pa kuketi na kuutua mzigo wa moyo ni pachache.

Mwanzo wa jambo hili ulikuwa msiba. Mwaka 2005 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa akimtibu binti wa miaka 26 aliyekaa mbali na mji mkuu. Zamani zile nchi nzima haikuwa na madaktari 20 wa kazi hiyo. Siku moja daktari akapata habari kwamba binti yule amejaribu kujiua. Wakapatana kwamba akipata nafuu mama yake atamleta Harare. Siku zikapita, majuma yakapita, wala hawakuja. Hatimaye mama akapiga simu kusema kwamba binti amekwisha kufa kwa mkono wake mwenyewe. Daktari alipouliza mbona hawakuja, akajibiwa kwamba hawakuwa na nauli ya basi, dola 15.

Neno lile lilimchoma daktari moyoni. Akatambua kwamba msaada ulikuwako, ila uliketi mahali pamoja ukimngojea mgonjwa, naye mgonjwa hakuweza kuufikia. Basi yalipasa msaada wenyewe uondoke, uende ukaketi karibu na watu.

Mwaka ule ule serikali ya nchi ile ilibomoa vibanda na nyumba za maskini wengi mijini. Umoja wa Mataifa ukamtuma Bibi Anna Tibaijuka, Mtanzania, akaitazame hali ile. Naye katika taarifa yake ya Julai 2005 alikadiria kwamba watu 700,000 wamepoteza makao, au kazi, au vyote viwili. Katika mtaa wa Mbare huzuni ilikuwa nyingi. Daktari Chibanda alipotaka kuanza kazi huko, wauguzi walikuwa wamelemewa, na zahanati haikuwa na chumba kitupu. Alichopata ni akina bibi 14, wenyeji wa mtaa, waliozoea kuwafundisha jirani zao mambo ya afya. Mwaka 2006 wakaanza kazi nje, juu ya benchi.

Hapo kwanza daktari alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Akina bibi wakamwonyesha kwamba hakuna atakayeketi juu ya kiti chenye jina hilo mbele ya macho ya jirani. Likaitwa *chigaro chekupanamazano*, ndiyo kusema kiti cha kupeana mashauri. Na tulishike fundisho hili la akina bibi: mlango waweza kuwa wazi, na jina lake likaufunga.

Nao hawakutumia maneno ya vitabu vya udaktari. Kishona kina neno *kufungisisa*, maana yake kuwaza mno, na kila mtu wa Mbare alilijua. Mgeni aketipo huulizwa maswali 14, kama vile habari za usingizi wake, machozi yake na mawazo yake. Kisha kazi huenda kwa hatua tatu. Ya kwanza ni kufungua mawazo: mgeni husimulia taabu zake zote, na bibi husikiliza. Ya pili ni kuinua: huchagua pamoja taabu moja, na mgeni mwenyewe hutafuta njia awezayo kuijaribu, bibi hamwamulii. Ya tatu ni kutia nguvu: mgeni hurudi siku nyingine kueleza yaliyofaulu na yaliyoshindikana, wakaendelea. Akiwa katika hatari kubwa, hupelekwa kwa wenye elimu zaidi. Baada ya hayo huitwa katika chama kiitwacho *Kubatana Tose*, yaani kushikana sote, ambamo watu huketi duara wakisuka mikoba na kuzungumza.

Wengine watauliza: je, maneno ya bibi kizee yaweza kumponya mtu? Jambo hili lilipimwa katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573, na matokeo yakachapishwa Desemba 2016. Baada ya miezi 6, miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, watu kama 50 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za ugonjwa wa huzuni, ambao waganga huuita sonona. Miongoni mwa walioketi na wasikilizaji wa benchi walikuwa kama 14 tu katika kila 100.

Walakini tusidhani kwamba kila kijana atapenda kumfunulia mzee moyo wake. Katika mji huo huo wa Harare, mwaka 2004, kikundi cha vijana waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI waliomba wapewe mahali pa kukutana wao kwa wao. Kazi iliyoota hapo ikaitwa *Zvandiri*, maana yake kama nilivyo. Vijana wa miaka 18 hadi 24, wenyewe wakiishi na virusi, hufunzwa, kisha huwatembelea wadogo zao, huwakumbusha dawa na kuwasikiliza. Baadaye kazi hizi mbili zilishikana mikono: vijana wale wakafundishwa pia njia ya benchi, na jambo hilo likapimwa katika zahanati 60 kwa vijana wa miaka 10 hadi 19. Taarifa iliyotoka mwaka 2022 yaonyesha kwamba waliohudumiwa na vijana waliofundishwa njia ya benchi walipungukiwa na dalili za huzuni na wasiwasi kuliko wenzao. Hivyo mzee ana kiti chake, na kijana naye ana chake.

Benchi hilo limekwisha kufika Malawi, tena Zanzibar. Hapo sisi watu wa Kiswahili yatupasa kuona haya kidogo. Nani asiyejua baraza ya mawe iliyo mbele ya nyumba za pwani? Babu zetu waliijenga ili mpita njia aketi, aulizwe habari, apewe maji, bila kuulizwa kwanza ana shida gani. Kitu tulichokuwa nacho mlangoni tumekirudishiwa na wageni, kwa kuwa sisi wenyewe tuliacha kuketi juu yake pamoja na watoto wetu.

Na tukubali kosa letu. Mara ngapi kijana amekuja kwetu kichwa kimeinama, nasi tukamwambia, "Jikaze, wewe mvivu," au, "Sali tu, yatapita"? Mara ngapi, mmoja wao alipojiua, tuliinong'ona aibu ya nyumba yake kuliko tulivyomlilia? Kusali ni kwema. Lakini rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, na makosa yao yalianza walipofungua vinywa kumhukumu.

Kwa hiyo, katika Yubilee hii, twaomba kila mtaa na kila shule ifanye neno moja. Wekeni benchi mahali penye kivuli, ambapo kijana aweza kufika kwa miguu. Lipeni jina lisilomtia mtu aibu. Mchague mwanamke au mwanamume mwenye subira, na kijana mmoja aaminiwaye na wenziwe. Wafundishwe kazi hii vema, kisha waketi hapo siku na saa zinazojulikana. Yanayosemwa hapo yasichukuliwe kwenda kisimani wala sokoni. Nao waijue njia ya hospitali, kwa maana kuna maradhi yapitayo nguvu za mashauri. Anayesema habari za kufa asiachwe peke yake hata afikishwe kwa mganga.

Mbao za benchi moja na misumari yake si gharama kubwa. Labda hazipiti sana nauli ile ya dola 15 iliyokosekana. Gharama iliyo kubwa ni mtu wa kuketi, juma kwa juma, hata siku asipokuja mtu. Huyo ndiye twamtafuta katika kila mtaa.