Ngoro: Historia Iliyochimbwa Mlimani

Ukipanda milima ya Umatengo, Mbinga, mwezi wa Machi, unakuta miteremko imetobolewa kama sega la nyuki. Hiyo ndiyo ngoro. Wageni hupiga picha, wakasifia mandhari, wakaondoka. Mimi naisoma kama kumbukumbu ya vita.

Karne ya 19 Wangoni walivamia kutoka kusini, Wamatengo wakabanana milimani. Watu wengi, ardhi imeinama, mvua kubwa. Ukilima ovyo, udongo wote unaishia bondeni. Ngoro ikawa jibu. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba. Wanawake huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Nyasi zinaoza ziwe mbolea, shimo linadaka maji. Maharage hupandwa mvua zikielekea ukingoni, mahindi hufuata msimu ujao.

Mavuno yakishaingia, kiangazi ni cha ngoma. Kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa mganda huchezwa kwa mistari ya gwaride, mwangwi wa beni na askari wa kikoloni. Yaani shamba linawakumbuka Wangoni, ngoma inawakumbuka Wazungu.

Miaka ya 1990 watafiti wa Kijapani walishirikiana na wa SUA, Morogoro, kuichunguza ngoro. Sifa zikaongezeka. Lakini jembe la kufukia lilikuwa, na bado liko, mikononi mwa mama zetu. Urithi unaosifiwa na wote na kubebwa na mgongo mmoja haudumu. Tukitaka wajukuu wauone mlima ule, wanaume nao washike jembe.