Sekunde 19 za San Diego: historia ya kengele ndani ya ndege

Leo tuache siasa kidogo, tuongee historia ya teknolojia. Wengi wetu tumekwisha panda ndege ama tutapanda, juu kutoka Goma ama Bukavu mpaka Kinshasa, njia ya gari ni shida munayoijua. Watu wengi wanawaza kama hatari ya kugongana iko kule juu mawinguni. Kumbe ndege zinakaribiana zaidi pale zinaposhuka, sababu zote zinatafuta kiwanja kimoja. Mimi si piloti, lakini historia ya kengele inayomwambia piloti "kuna ndege ingine karibu" naona inatuhusu hata sisi.

Wazo lilianza zamani. Tarehe 30 Juni 1956, ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon, Marekani, watu 128 wakafa. Miaka ile, mtaalamu mmoja wa kampuni Bendix, John Morrell, alionyesha kama mashine haipaswi kuuliza imebaki kilometa ngapi, inapaswa kuuliza imebaki sekunde ngapi. Ndege mbili zinazokuja uso kwa uso zinaweza kumaliza kilometa 10 kwa sekunde 20 hivi. Zikiwa zinafuatana, umbali ule ule unaweza kuchukua dakika nyingi. Hesabu hiyo njo msingi mpaka leo.

Sasa twende San Diego, 25 Septemba 1978. Asubuhi, anga nyeupe, hakuna mvua. Boeing 727 ya PSA ilikuwa inashuka kutua. Chini yake kulikuwa Cessna ndogo ya mazoezi. Waongoza ndege waliwaambia mapiloti wa Boeing habari ya ile Cessna, nao wakajibu wanaiona. Kisha wakaipoteza machoni, wakafikiri imekwisha pita, na hawakusema waziwazi kama hawaioni tena. Kwenye chumba cha rada, kompyuta ilipiga onyo sekunde 19 mbele ya ajali. Hakuna aliyewaambia mapiloti wa Boeing wageuke. Juu ya nini? Waongoza ndege walikuwa wamezoea kusikia onyo lile pasipo kitu kutokea, na waliamini kama Boeing inaiona Cessna. Watu 144 walikufa, na kati yao 7 walikuwa chini, mtaani.

Hapo nilisimama muda mrefu wakati nilikuwa nasoma. Kengele ilifanya kazi yake. Lakini kengele inayolia kila siku bure inamfundisha mtu kutoisikiliza.

Mwaka 1981, serikali ya Marekani ilichagua kutengeneza mashine inayokaa ndani ya ndege yenyewe, TCAS. Ingali inajaribiwa, msiba mwingine ukafika: 31 Agosti 1986, DC-9 ya Aeroméxico iliyokuwa inashuka Los Angeles iligongana na ndege ndogo ya Piper juu ya Cerritos. Watu 82 wakafa, 15 kati yao wakiwa chini. Ile Piper iliingia katika anga lililokatazwa pasipo ruhusa, na transponda yake haikutuma kimo. Mwaka uliofuata, sheria ikapita: ndege za abiria zenye viti zaidi ya 30 zipaswe kuwa na TCAS.

Namna inavyofanya kazi: TCAS inauliza transponda za ndege zingine, inapata jibu, inahesabu sekunde. Kwanza inaonya kama kuna ndege karibu. Hatari ikizidi, inaamuru: panda, ama shuka. Inapatana na TCAS ya ndege ya pili, moja ipande, ingine ishuke. Transponda ya mwenzake isipotuma kimo, TCAS haiwezi kuamuru kitu, itaonya tu.

Wakati wa kutua, wahandisi walikutana tena na lile somo la San Diego. Karibu na kiwanja, ndege nyingi ziko karibu karibu kwa haki yao. Kwa hiyo kule juu sana amri inatoka ikibaki sekunde 35, lakini kwenye futi 2,000 inangoja mpaka sekunde 15. Chini ya futi 1,000 hivi, ni kusema mita 300, haiamuru tena kabisa. Amri ya kushuka inazimwa mapema kidogo zaidi, isije ikakimbiza ndege kwenye udongo. Hapo macho ya piloti na sauti ya mwongoza ndege njo vinabaki.

Nchi zingine zilichelewa. Tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Delhi, Ilyushin ya Kazakhstan iliyokuwa inashuka ilipita chini ya futi 15,000 ilizopewa, ikagonga Boeing 747 ya Saudia iliyokuwa inapanda. Watu 349 wakafa. Rada ya Delhi wakati ule haikuonyesha kimo cha ndege.

Lakini hata ukiwa na mashine, swali linabaki: unamtii nani? Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, TCAS iliambia ndege ya Urusi ipande. Mwongoza ndege, aliyekuwa anafanya kazi peke yake usiku ule, aliiambia ishuke. Ikashuka. Ndege ya DHL nayo ilikuwa inashuka, ikitii TCAS yake. Watu 71 wakafa. Kisha kanuni za kimataifa zikaandikwa wazi zaidi: TCAS ikiamuru, piloti aitii, hata kama mtu wa chini anasema kingine.

Ndugu zangu wa uhandisi, wa uganga, wa informatiki, kesho ninyi njo mutaweka kengele hospitalini, kiwandani, benki. Ngapi zitalia bure? Na siku mbili zikipingana, wafanyakazi watakuwa wanajua mapema ipi ya kufuata? Niandikieni hapo chini vile iko kwenye kazi yenu.