Jembe, Reli na Juliasi Kaizari

Katika mkutano wetu uliopita, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alituuliza sisi wazee: "Fasihi itatusaidia nini?" Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo niliulizwa nyumbani Mlimba nikashindwa kulijibu.

Kizazi chetu kilisoma chini ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere Machi 1967. Shule ilitakiwa iwe na shamba, na mwanafunzi ashike jembe. Siasa hiyo ilikuwa na sababu nzuri. Wengi waliomaliza shule ya msingi hawakupata nafasi ya sekondari. Haikufaa wafundishwe kudharau kilimo watakachorudia.

Kisha ikaja Reli ya Uhuru, iliyoanza kujengwa 1970. Kutoka Mlimba kupanda Makambako, Wachina na ndugu zetu walitoboa milima, wakasimamisha daraja la Mpanga juu ya nguzo za mita 50 hivi. Baba yangu alifanya kibarua huko. Niliporudi likizo mwaka 1975 alinikuta nasoma, akasema: "Hesabu imejenga daraja. Hicho kitabu chako kimejenga nini?" Kilikuwa Juliasi Kaizari. Nilinyamaza.

Baadaye ndipo nilipoilinganisha miaka. Aliyeufasiri mchezo huo wa Shakespeare ni Nyerere yuleyule wa jembe. Tafsiri ya kwanza ilitoka 1963, naye ni Rais wa Tanganyika. Mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya kutuagiza mashambani, alitoa tafsiri aliyoisahihisha, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Kazi hiyo haikuongeza hata gunia moja la mpunga Kilombero.

Wako wasemao kuwa ilikuwa na faida: ilionyesha kwamba Kiswahili kinabeba mambo mazito. Ni kweli. Lakini kwa ushahidi huo tafsiri ya 1963 ilitosha. Kwa nini Rais mwenye nchi changa mikononi arudie mistari ileile ili ikae vizuri zaidi? Nadhani alirudia kwa kuwa aliipenda, na hakuona kwamba jembe linamkataza kupenda.

Basi, kijana, usidharau shamba wala hesabu. Lakini usikidai kila kitabu kikuonyeshe daraja kilichojenga. Mengine mtu hujifunza kwa sababu ni mtu.

Marehemu baba sikuwahi kumpa jibu hili. Nakupa wewe.